Mkungu Umekataa, Mkunga Umekubali

Mzee Koma alikutwa chini ya meza yake saa mbili kasorobo asubuhi, kalamu nyekundu mkononi, miwani mbili usoni, moja imevaliwa juu ya nyingine. Alikuwa anapumua, lakini pumzi zenyewe za kubahatisha.

Wenzake pale kiwanda cha uchapaji wakasema ni uzee. Daktari hakusema hivyo. Saa tatu na nusu alipiga simu kituo cha polisi, ikapokewa na Inspekta, mwanamama wa makamo ambaye askari vijana walimwita Bibi Kwanini, tena kwa kunong'ona, maana masikio alikuwa nayo.

"Huyu mzee kalishwa kitu," daktari akasema. "Nikimmulika machoni mboni hazishtuki. Ni sumu, ila sijui ipi, na maabara watanijibu kesho."

"Kwa nini usisubiri kesho?"

"Kwa sababu yeye hatasubiri. Kila sumu ina dawa yake, na dawa ya hii inaweza kuwa sumu juu ya ile. Niletee jina la alichokunywa kabla ya saa tisa alasiri. Ikipita hapo, hata akiamka, ataamkia gizani."

Inspekta hakuaga. Alichukua kofia yake na Sajini wake, wakaondoka.

Chumba cha Mzee Koma kilikuwa kona ya nyuma, kimetengwa na mashine kwa ubao mwembamba. Mashine zilikuwa zimezimwa, lakini harufu ya wino ilikuwa imekaa mle ndani kama mwenye nyumba. Sajini, mtu mnene, mcheshi, baba wa watoto wanne, alianza kunyunyiza unga wa alama za vidole huku akipiga chafya.

Mezani palikuwa na kikombe cha chai kilichonywewa nusu, rundo la kurasa za prufu, zile za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, na daftari. Kando ya kikombe, juu ya mbao, palikuwa na duara dogo la kunata, la kitako cha chupa. Chupa yenyewe haikuwepo.

"Kwa nini chupa haipo?"

"Labda ilikwisha, Afande, ikatupwa."

"Gusa. Duara bado bichi. Hiyo chupa imetoka hapa leo."

Mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Meneja, alikuwa amesimama mlangoni akijifuta jasho kwa ncha ya tai. Bwana mrefu, macho hayatulii. Inspekta akamgeukia.

"Huyu mzee ni nani kwenu?"

"Msomaji prufu wetu. Miaka thelathini hakuna karatasi iliyotoka hapa bila yeye kuisoma. Koma moja ikikosekana halali, ndiyo maana ya hilo jina. Na hii hapa ni kazi ya maisha yake." Akagusa lile rundo. "Kamusi ya maneno ya kazi. Ya maseremala, waashi, wahunzi, wakunga, kila fani. Ijumaa inaingia mashineni. Macho yalipoanza kumsumbua nilimsihi aende hospitali, akanijibu, 'Nikimaliza Z.'"

Ukurasa wa juu ulikuwa ule wa jina la kitabu. Chini yake palikuwa na mistari ya wino mwekundu, imepinda na kupandana, kama kuku kapita na matope miguuni.

"Hapa pameandikwa nini?"

Meneja akainama, akaukodolea macho, akakata tamaa. "Mwandiko wa mzee siku hizi anausoma Mpwa peke yake."

"Mpwa nani?"

"Mpwa wake, mtoto wa dada yake. Ndiye mpangaji wetu wa kurasa. Kamusi yote ameipiga yeye kwenye kompyuta, mwaka wa kumi na moja huu. Sote tunamwita Mpwa tu. Yuko hospitali na mjomba wake."

Inspekta akautia ukurasa ule kwenye bahasha ya vielelezo na bahasha akaitia kwapani. Hakupenda kusomewa jambo na mtu asiyemjua bado. Kisha akafunua daftari. Maandishi ya mwisho yalikuwa ya jana, kwa herufi kubwa kubwa za mtu anayejitahidi kuona anachoandika:

MKUNGU: UMEKATAA. MKUNGA: UMEKUBALI. MARA TATU. KUNA MTU.

Sajini akasoma juu ya bega lake. "Mkungu wa ndizi? Na mkunga wa kuzalisha?"

"Au mkunga samaki."

"Mmoja kakataa, mwingine kakubali. Hii ni posa, Afande."

"Nyamaza, Sajini. Mtu anayekaribia kupofuka hapotezi wino kwa mzaha."

Jikoni, mpika chai wa kiwanda alikuwa amekaa kwenye kigoda akifuta vikombe. Mwanamke mtu mzima, mikono imekauka kwa sabuni. Kila mtu alimwita Shangazi. Juu yake, rafuni, palikuwa na kopo lenye maandishi ya makaa: SUKALI. USIGUSE.

"Chai ya Mzee Koma nani alipika?" Inspekta akauliza.

"Mimi. Birika moja, watu wote. Na mimi nimekunywa, na niko hapa unaniona."

"Macho yalianza kumsumbua lini?"

"Leo wiki mbili. Siku ile aliweka kikombe hewani akidhani meza iko pale. Kikavunjika. Akacheka, akasema meza imehama bila kuaga."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo? Mwanangu, alikuwa anaona mpaka dhambi zako."

"Mezani kwake palikuwa na chupa. Ya nini?"

Shangazi akaendelea kufuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu tangu zamani.

"Shangazi."

"Mimi kazi yangu chai. Ya mezani siyajui."

"Unaogopa nini?"

"Simwogopi mtu mimi."

"Sikukuuliza nani. Nimekuuliza nini."

Kikombe kikamponyoka. Hakikuvunjika, lakini alikitazama kama kilichovunjika. Inspekta akamwacha alivyo, ingawa moyoni alishaandika jina lake kwenye orodha, tena juu kabisa.

Stoo ilimtia wasiwasi zaidi. Makopo sita ya vimiminika vya kuoshea rola za mashine: mafuta ya taa, petroli, tina ya kuyeyushia rangi, spiriti za aina mbili, na kimoja ambacho hata Meneja hakukijua jina. Mlango wa stoo hauna kufuli. Alipiga simu hospitali, daktari akasema presha ya mzee inashuka. Saa ilikuwa sita kasoro.

Wakati wa kurudi ndipo Inspekta alipoiona ile kompyuta. Ilikuwa imewekwa ukutani, katikati ya kiwanda, kiti kimoja mbele yake, na juu yake karatasi: MTANDAO NI WA KAZI. Akasimama ghafla, Sajini nusura amkanyage.

"Meneja. Hii inatumiwa na nani?"

"Na wote. Kompyuta yenye mtandao ni hii moja tu, Inspekta. Kila mtu ana akaunti yake. Mimi, fundi mashine ambaye yuko likizo, Mpwa, na Mzee Koma. Shangazi hana, wala haruhusiwi kuigusa."

"Mtandao huwa unakataa?"

"Unakataa nilichokikataza. Watu walikuwa hawafanyi kazi. Fundi mashine, mpira asubuhi, mpira jioni. Nikamfungia. Mpwa alikuwa anaangalia sinema, nikamfungia. Mzee sikumfungia chochote. Mzee kwake ni kutafuta maneno tu."

Sajini akachekelea. "Naujua mchezo huu, Afande. Ni nyumba moja, ila kila mtu ana mlango wake, na mwenye ufunguo mkubwa ndiye anayeamua nani apite wapi. Unaandika maneno usiyoyataka, basi. Mtu akiyatafuta, anaambiwa ukurasa haupatikani, anadhani mtandao umelala. Mimi nimewafungia wanangu wote wanne. Sasa mama yao anauliza mbona tamthilia yake haifunguki."

"Ulimfungia na mkeo?"

"Bahati mbaya, Afande."

"Bahati mbaya?"

"Nusu."

"Ufunguo mkubwa uko kwa nani?"

Meneja akakohoa. Akanyanyua kibodi. Chini yake palikuwa na kikaratasi kimebandikwa: ChapaKazi1.

"Yaani kufuli umeliweka, na ufunguo umeuacha mlangoni," Inspekta akasema. Meneja akajifuta jasho tena, safari hii kwa tai nzima.

Sajini akakaa. Akaingia kwenye akaunti ya Mzee Koma. Inspekta akamwambia, "Andika mkungu."

Ukurasa haupatikani. Jaribu tena baadaye.

"Andika mkunga."

Kurasa zikamwagika, za wakunga na za samaki.

"Toka humo, ingia kwa Meneja. Andika mkungu."

Ndizi zikajaa kioo kizima. Inspekta akavuta kiti, akakaa. Sasa aliona alichokiona mzee: kati ya mkungu na mkunga kuna herufi moja tu, ya mwisho, na mtandao hauna ugomvi na ndizi. Mtu ndiye mwenye ugomvi.

"Nionyeshe kilichofungwa kwenye akaunti ya mzee."

Sajini akabofya, wakapita juu ya orodha ya fundi mashine, wakafika ya mzee, akatoa mluzi. Maneno yalikuwa matano:

giza
kungu
methanoli
pofu
spiriti

Meneja akapiga hatua nyuma. "Haki ya Mungu, Inspekta, hayo sikuyaandika mimi."

"Kungu imo ndani ya ukungu," Inspekta akasema polepole. "Ukungu wa machoni. Aliyefunga hakujua kwamba imo pia ndani ya mkungu wa ndizi. Yamefungwa lini?"

"Tarehe tatu. Wiki tatu na siku mbili zilizopita."

"Na macho yalianza kusumbua wiki mbili zilizopita. Mtu huyu aliujua ugonjwa kabla ya mgonjwa."

Hapo hata Sajini hakutania. Akafungua orodha ya vitu vilivyowahi kutafutwa na akaunti ile. Siku hadi siku, Mzee Koma alikuwa amegonga mlango uleule. Ukungu machoni. Imekataliwa. Dalili za upofu. Imekataliwa. Kuona giza mchana, sababu zake. Imekataliwa, pamoja na koma yake. Kila swali limeandikwa sawasawa, hakuna herufi iliyokosewa. Angekosea moja tu, angepita. Maskini mzee wa watu, usahihi wake ndio uliomfungia nje.

Katikati ya yote, Alhamisi iliyopita, swali moja lilikuwa limepita:

supiliti inatia kiza machoni

"Huyu si Mzee Koma," Sajini akasema.

"Mzee Koma angekufa kwanza."

Akampigia daktari. "Inawezekana ni spiriti ya kuoshea rola. Methanoli."

"Inawezekana hainitoshi, Inspekta. Dawa yake ni nzito na ini la mzee ni bovu. Nikimpa bure nimemuua mimi. Nataka uhakika: ipi, na tangu lini."

Saa saba na dakika tano. Meneja, ambaye alikuwa amesikia yote, akaanza kuongea haraka haraka. "Shangazi! Ni Shangazi huyo. Kila mtu anajua haandiki r. Tazama kopo lake la sukari. Ametafuta sumu kwenye kompyuta. Mkamateni!"

Inspekta akamwangalia muda mrefu. Mtu anayekuharakishia jibu, aghalabu ana swali analolikimbia. Lakini kopo lilikuwa kweli pale jikoni, na SUKALI yake.

Shangazi alipooneshwa maandishi yale, hakubisha. Alikaa, akalia kwanza.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mzee alikuwa anahangaika, kila saa anasema mtandao umelala. Akaenda msalani akaacha imewaka. Nikasema ngoja nimsaidie. Ile dawa yake ya kifua ilikuwa inanuka kama stoo. Nikaandika. Nikasoma. Nikaogopa."

"Ukamwambia nani?"

Shangazi akajifuta machozi kwa kiganja.

"Dawa ya kifua nani alimletea?"

Shangazi akatikisa kichwa. Mwishowe akasema, "Niliambiwa nikifungua mdomo nitafungwa mimi. Aliyetafuta sumu ndiye mwenye sumu. Niliambiwa hivyo, nikaona ni kweli. Nani atamwamini mpika chai?"

"Nani alikuambia?"

Shangazi akatazama mlangoni, alipokuwa amesimama Meneja. Wakati huohuo, nyuma ya Meneja, mtu mwingine akaingia kutoka nje: mwembamba, miaka thelathini na ushei, macho mekundu ya kulia. Mpwa alikuwa amerudi kutoka hospitali.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," Shangazi akasema. "Mimi nimemaliza."

Nguoni mwa nani? Meneja alikuwa na ufunguo, jasho na haraka. Mpwa alikuwa na machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Inspekta ameyaona ya bandia mengi, anayajua. Ufunguo ulikuwa chini ya kibodi, wa kila mwenye mkono. Akatazama saa: kabla ya saa tisa imebaki saa moja na nusu, tena pungufu. Akatoa ile orodha ya maneno matano, akaisoma tena, mara hii si maana yake bali mpangilio wake. Kisha akakunjua uso, akatabasamu, akabadilika kuwa mama wa mtaani anayeomba ushauri.

"Jamani, kabla hatujaendelea, Sajini wangu ana tatizo nyumbani. Watoto wanne, mpira umewaharibu. Nyie ndio watu wa kompyuta. Kila mmoja aniandikie maneno machache ya kuwafungia."

Sajini akafungua mdomo kushangaa, kisha akaufunga. "Wameniharibikia kabisa," akasema kwa huzuni kubwa.

Meneja akaandika huku akinung'unika kwamba mtu yuko mahututi na polisi wanacheza. Shangazi akaandika matatu, ulimi nje. Mpwa alikuwa wa mwisho. Alisita, akamtazama Inspekta, akaandika haraka, akarudisha kalamu.

Inspekta akakusanya. Karatasi ya Meneja: mpira, timu, refa, kombe, mechi. Ya Shangazi: mpila, magoli, lefa. Ya tatu aliisoma kwa sauti, neno moja moja.

"Cheza. Goli. Kocha. Ligi. Pira."

Akaiweka mezani, na kando yake ile orodha ya tarehe tatu.

"Sajini, mpeleke Meneja nje. Shangazi, kaa. Mpwa, na wewe kaa. Kwa nini umeandika pira? Kila mtu ameandika mpira."

"Ukifunga pira, umefunga mpira na mipira."

"Na ukifunga pofu?"

Mpwa akaisukuma karatasi yake mbali.

"Umefunga upofu, kipofu, vipofu, kupofuka, kupofusha. Neno moja, milango mitano. Meneja hajui hilo. Kule kwa fundi mashine tumeona amefunga timu, kisha mpira, akasahau mipira. Sasa tazama hii. C, G, K, L, P. Na hii ya mjomba wako. G, K, M, P, S. Mtu wa kawaida huandika neno linalomjia kwanza. Wewe hata ukiombwa ushauri wa mpira unapanga kama kamusi. Miaka kumi na moja, mkono umezoea kujipanga wenyewe."

"Hayo ni maneno tu, Inspekta."

"Ni maneno tu. Shangazi, ulimwambia nani kwamba dawa ya kifua inanuka spiriti?"

Shangazi akainua uso. Alimtazama kijana yule kwa uchungu, si kwa hasira. "Nilikuambia wewe, mwanangu. Kwa sababu ni mjomba wako. Nikadhani utakimbia kumwokoa."

Inspekta akapiga simu, akaifungulia sauti, akaiweka katikati ya zile karatasi mbili. Daktari hakusubiri kusalimiwa. "Umepata? Nina dakika arobaini. Baada ya hapo nikimwokoa nitakuwa nimeokoa roho tu. Macho basi."

"Basi kabisa?" Mpwa akauliza. Sauti ilimtoka kabla hajaizuia.

"Nani huyo? Ndiyo, basi kabisa. Hata mwanga wa dirisha hatauona."

Mpwa akashika kichwa. "Sikutaka kabisa! Nilitaka ukungu tu! Ukungu wa wiki nne!" Kisha yakatoka yote kwa mkupuo. "Ni spiriti ya kopo jeupe, methanoli tupu. Tangu tarehe tatu, kidogo kidogo, ndani ya dawa ya kifua. Jana nikaongeza. Chupa iko kwenye pipa la vipande vya karatasi, chini kabisa. Niliichukua wakati wanambeba."

"Methanoli, tangu tarehe tatu," daktari akarudia, akakata simu.

Sajini aliletewa habari akakimbia, na mtu mnene akikimbia kwa moyo huwa haonekani mnene. Alilipindua pipa lote. Chupa ikapatikana, ikapelekwa hospitali kwa pikipiki ya kituo. Saa nane na dakika ishirini na tano.

Maelezo ya mtuhumiwa yaliandikwa palepale, kwenye meza ya Mzee Koma. Sajini aliandika. Inspekta aliuliza.

"Kwa nini?"

"Umeniita Mpwa tangu umeniona," akasema. "Hata wewe. Jina langu liko kwenye kitambulisho, hujaliita. Hakuna anayeliita. Watu wote humu ni Mpwa, Mpwa, Mpwa, kama mtu aliyezaliwa kuwa wa mwingine. Kamusi ile nimeipiga yote kwa vidole hivi. Maneno elfu ishirini na mbili. Wahunzi nimewafuata mimi, wakunga nimewahoji mimi. Mwezi uliopita akanipa ukurasa wa shukrani niupange. Amemshukuru Meneja. Amemshukuru fundi mashine. Amemshukuru Shangazi kwa chai! Nikatafuta langu. Mwisho kaandika, 'na wengineo.' Mimi ndiye wengineo, Inspekta."

"Ukaamua kumuua."

"Kumuua, hapana! Nilitaka asisome. Kila ukurasa lazima yeye autie sahihi kabla haujachapwa, na jalada pia. Nilishapanga jalada jingine, lina jina langu. Macho yakiwa na ukungu angetia sahihi bila kuona. Kitabu kikishachapwa kimechapwa. Lakini angeenda kutafuta habari za macho yake mtandaoni, maana yeye hatafuti daktari, anatafuta neno. Nikayafunga maneno kwanza."

"Neno macho lenyewe hukulifunga."

"Lingekwamisha na machozi. Angeshtuka." Akacheka vibaya, kicheko kisicho na furaha. "Nikasahau mkungu. Jana akaniita, akaniambia, 'Mpwa, njoo uone ajabu, ndizi zimekatazwa.' Nikajua amekaribia. Ndipo nikaongeza."

Simu ikalia. Inspekta akasikiliza, akashukuru, akaiweka chini. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kuuliza.

"Dawa imekubali," Inspekta akamwambia. "Ameuliza saa ngapi. Anaona dirisha, ila watu ni vivuli tu. Daktari anasema kusoma hatasoma tena."

Shangazi akakaa chini sakafuni, akamshukuru Mungu na kulia kwa pamoja. Mpwa alikuwa anatazama kalamu nyekundu mezani.

Hapo Inspekta akaikumbuka bahasha. Akautoa ule ukurasa wa jina wenye mistari ya kuku, akausukuma mbele yake.

"Aliandika asubuhi hii kabla hajaanguka. Nimeambiwa ni wewe tu unayeusoma mwandiko huu. Soma kwa sauti. Sajini, andika."

Mpwa akauvuta karibu. Alisoma kama alivyozoea kusoma kwa miaka kumi na moja, haraka, bila kukwama mahali ambapo mtu mwingine asingeona hata herufi.

"'Mpwa wangu: ukurasa huu wa jina una kosa, na ni langu. Chini ya jina langu ongeza lako. Tumeiandika wawili. Ndiyo maana sikukutaja kwenye shukrani. Mwandishi hajishukuru mwenyewe. Macho yangu yamekwisha. Z imalize wewe. Jina lako liwe kwa herufi za...'"

Mdomo ukaendelea kucheza, sauti haikutoka.

"Endelea," Inspekta akasema, lakini si kwa ukali.

"'...za ukubwa uleule.'"

Kalamu ya Sajini ikakwaruza karatasi, ikasimama. Alikuwa mtu wa watoto wanne na shule kidogo, na maelezo ya mtuhumiwa hayatakiwi kufutwafutwa. Akainua kichwa, akauliza kwa sauti ya chini, bila kumkusudia mtu yeyote.

"Uleule ni neno moja au mawili?"

Inspekta hakujua. Shangazi hakujua. Mpwa alikuwa ameufunika uso wake kwa mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yanapita katikati ya vidole.

"Moja," akasema.